Mchungwa na Mizizi ya Mwenziwe

Somo la leo ni historia ya mchungwa. Huenda baadhi yenu mtasema, mchungwa tunaujua, tumezaliwa tukaukuta. Ni kweli. Lakini nawaombeni, kabla ya kusoma zaidi, mwende mkautazame mchungwa wowote ulionunuliwa kitaluni. Inameni karibu na ardhi. Shubiri moja au mbili juu ya udongo mtaona kovu katika shina, kama kiungo cha mkono kilichovunjika kikapona. Juu ya kovu gome ni la namna moja. Chini yake mara nyingi ni la namna nyingine.

Kovu hilo ndilo somo letu. Juu yake ni mchungwa, chini yake ni mti mwingine kabisa, labda mlimau, labda mdanzi. Miti miwili inaishi kama mmoja. Mmoja unazaa, na wa pili unaubeba. Watu waliifanyaje hiyo kazi, na kwa nini? Na kwa nini mti uliosifiwa kuwa mbebaji bora kuliko wote ulikuja kuua michungwa kwa mamilioni? Tutafika huko, lakini tuanze mbali kidogo.

Jamii ya machungwa, malimau na ndimu asili yake ni Asia, katika nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya: upande wa Assam katika India, kaskazini ya Myanmar, na Yunnan katika China. Siku hizi wataalamu wanaweza kusoma urithi uliomo ndani ya mmea, wakajua wazazi wake ni nani. Wamekuta kwamba chungwa ni mtoto wa furungu na chenza. Danzi nalo ni mtoto wa hao hao wawili, ila kwa kuzaliwa kwingine. Limau lina damu ya danzi, na mzazi wake wa pili ni tunda kubwa lenye ganda nene ambalo Waarabu huliita utruji. Kwa hiyo matunda haya yote sokoni ni ndugu, na ndiyo sababu mti wa mmoja huweza kubebwa na mizizi ya mwingine. Huwezi kuubebesha mwembe chungwa. Hawana udugu.

Wachina waliijua kazi ya bustani hizi zamani sana. Mwaka 1178 liwali mmoja wa Wenzhou, jina lake Han Yanzhi, aliandika kitabu kizima juu ya machungwa ya wilaya yake. Alitaja aina ishirini na saba, akaeleza namna ya kupanda na namna ya kuunganisha mti kwa mti. Kwa hiyo lile kovu mliloliona lina umri wa zaidi ya miaka mia nane katika maandiko, na bila shaka katika mikono ya wakulima ni la zamani zaidi.

Kutoka India matunda haya yalisafiri kuelekea kwetu kwa njia ya bahari na ya wafanya biashara. Mwandishi Mwarabu al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, ameandika kwamba danzi lililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 wa Hijra, yaani baada ya mwaka 912. Likapandwa kwanza Oman, kisha likapelekwa Basra, Iraki na Sham. Al-Mas'udi huyu alisafiri mwenyewe na mabaharia wa Oman hadi pwani ya Afrika Mashariki, katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wengi hudhani ni Pemba. Safari yake ya mwisho ilikuwa kama mwaka 916. Hakutuachia neno kwamba jahazi lake lilichukua miche. Lakini njia iliyolifikisha danzi Oman ndiyo iliyoendelea mpaka huku, kwa pepo zile zile za kaskazi na kusi.

Hata ilipofika mwaka 1331, Ibn Battuta alipita Mombasa, akaandika kwamba miti yake ni migomba, milimau na mitruji. Alitaja na tunda dogo mfano wa zeituni, ambalo tukilinganisha maelezo yake ni zambarau. Kisha mwezi wa Aprili 1498 zikaja merikebu za Vasco da Gama. Zilipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, na machungwa mengi, na malimau, na miwa. Hayo yameandikwa na mmoja wa Wareno waliokuwamo. Watu wao wengi walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, ufizi umevimba na kutoka damu. Mwandishi akasema kwamba walipofika mji huo wagonjwa wote walipona, akamshukuru Mungu kwa hewa nzuri ya mahali pale.

Hewa! Machungwa yalikuwa mikononi mwao, na sifa ikapewa hewa. Lakini tusiwacheke sana. Walipokuwa wakirudi kutoka India kiseyeye kiliwaua watu thelathini hivi katika kuvuka bahari, na walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499 wagonjwa wenyewe ndio waliolilia machungwa, na mtu akatumwa pwani kuyaleta. Mwili ulijua kabla ya kichwa. Ilichukua miaka mingine karibu mia mbili na hamsini hata daktari wa merikebu wa Kiskoti, James Lind, alipofanya jaribio mwaka 1747. Aliwagawa wagonjwa kumi na wawili wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Wale waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopona upesi. Jeshi la maji la Uingereza likangoja tena mpaka mwaka 1795 kabla ya kuwapa mabaharia maji ya limau kwa amri.

Basi Mombasa ilikuwa na bustani za machungwa kabla Mzungu wa kwanza hajaiona. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa maana bado wako watu wanaodhani kila mti wa matunda shambani ulikuja na mgeni wa juzi.

Sasa turudi kwenye kovu. Mtu atauliza: kwa nini tusipande mbegu tu? Mbegu ya chungwa humea vizuri, na wengi wa wazee wetu walipanda hivyo hivyo. Tena mbegu ya chungwa ina ajabu yake: moja huweza kutoa vichipukizi viwili au vitatu, na mara nyingi baadhi yao ni mama mtupu, bila urithi wa baba. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyosema, kwamba mbegu ya chungwa tamu lazima itoe chungwa kali. Shida ni nyingine. Mti wa mbegu huwa mrefu, una miiba mingi, na hukawia: utangoja miaka saba, minane, hata zaidi, kabla ya kuonja tunda. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, kwa sababu jicho ulilochukua limetoka katika tawi ambalo limekwisha kuwa mtu mzima.

Kubebesha kwenyewe ni kazi ndogo, ila inataka mkono mwepesi na kisu safi. Unaotesha mbegu za mti wa kubeba. Shina likifikia unene wa penseli, unalipasua gome mfano wa herufi T. Unakata jicho moja kutoka tawi la mti mzuri, pamoja na kipande cha gome, unalichomeka ndani ya mpasuo, kisha unalifunga. Likishika, unakata kichwa cha mche wa chini, na jicho linakuwa mti.

Yako na machungwa yasiyo na njia nyingine. Katika Bahia, nchi ya Brazil, mwanzo wa karne ya 19 lilijulikana chungwa lenye kitovu upande wa chini, tamu sana na bila mbegu. Tunda lisilo na mbegu utalipandaje? Kwa jicho tu. Mwaka 1870 bwana William Saunders wa idara ya kilimo ya Marekani aliagiza miche kumi na miwili kutoka Bahia ikafika Washington salama. Mwaka 1873 miche michache iliyobebeshwa kutoka kwa hiyo ilipelekwa kwa bibi mmoja huko Riverside, California, Bibi Eliza Tibbets. Husemekana kwamba aliimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Kweli au si kweli, miti ikazaa, na majirani wakaja kununua macho. Mamilioni ya michungwa ya kitovu ya California yametokana na miti ile miwili au mitatu ya uani kwa Bibi Tibbets. Tusahihishe hata neno la kutokana: ni mti ule ule, umekatwakatwa na kubebwa na mizizi ya wengine.

Mizizi ya nani? Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Katika visiwa vya Azores, visiwa vya Wareno katika bahari ya Atlantiki, watu walitajirika kwa kuuza machungwa London. Michungwa yao ilisimama juu ya mizizi yake yenyewe. Katika miaka ya 1830 na 1840 ikaingia maradhi. Gome karibu na ardhi lilioza, likatoa gundi kama machozi, na mti ukafa. Mwaka hadi mwaka maradhi yakaenea hata Ureno yenyewe, na katika miaka ya 1860 yakafika kisiwa cha Sicily katika Italia. Leo twajua kwamba ni kazi ya kijidudu kiishicho katika udongo wenye maji mengi, kinachoingia kwenye gome la mchungwa. Wakulima wa siku zile hawakukijua, lakini waliona jambo moja kwa macho: katikati ya michungwa inayokufa, midanzi ilisimama mizima.

Wakafanya lile ambalo mkulima yeyote mwenye akili angelifanya. Wakaotesha mbegu za danzi na kubebesha chungwa juu yake. Ikafaa kupita matumaini. Mdanzi ulistahimili udongo mzito, ulistahimili baridi, na chungwa lililobebwa nao lilikuwa tamu lenye maji mengi. Karibu nchi zote zinazolima machungwa zikaufuata mfano huu: Italia, Hispania, Florida, California, Argentina, Brazil. Kufika mwaka 1900 mdanzi ulikuwa mbebaji mashuhuri kuliko wote duniani.

Ila mahali pamoja mambo yalikataa. Afrika Kusini ilikuwa na michungwa tangu mwaka 1654, wakati Wadachi wa Rasi walipoletewa miche kutoka kisiwa cha St Helena. Wakulima wa huko walipojaribu kubebesha chungwa juu ya mdanzi, mche ulinyauka au ukadumaa, mwaka baada ya mwaka. Waliokaidi walipata hasara. Waliokubali waligeukia mlimau mmoja wenye tunda la ganda la vinundu-vinundu, lisilo na soko kubwa, lakini mizizi yake ina nguvu, huenda mbali na hustahimili ukame. Tuuite mlimau wa vinundu. Juu ya mlimau huu michungwa ya Afrika Kusini ikastawi.

Wataalamu wa nchi nyingine walisikia habari hiyo. Bwana Herbert Webber wa California alifika mwenyewe, na mwaka 1925 akaandika kwamba ni kweli, mdanzi hauwezi kubeba chungwa Afrika Kusini. Wengi walidhani ni jambo la udongo au la hewa ya huko. Mimi huona hapa ndipo dunia ilipopewa onyo ikaliweka kando. Wakulima wa Afrika walikwisha kupata jibu kwa kufiwa na miti yao, lakini jibu lao likahesabiwa kuwa mkasa wa mahali pamoja.

Sababu haikuwa udongo wala hewa. Ilikuwa virusi, na mdudu mdogo anayevibeba: kidukari mweusi wa michungwa, yule mnayemwona amejazana kwenye majani machanga. Virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kuenea Afrika Kusini. Inaaminiwa kwamba katika miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930, miche iliyopakiwa melini kutoka nchi nyingine, ikiwemo Afrika Kusini, ilivichukua virusi na vidukari pamoja hadi Argentina. Huko mamilioni ya michungwa ilikuwa imesimama juu ya mdanzi.

Mwaka 1937 maradhi yalionekana katika bonde la mto Paraíba, jimbo la São Paulo, Brazil. Jani lilififia rangi. Matawi yakakauka kuanzia nchani. Wakati mwingine mti ulinyauka katika majuma machache, matunda yake yangali yananing'inia. Wenyeji wakayaita maradhi haya tristeza, maana yake huzuni, na jina hilo limebaki mpaka leo katika vitabu vya dunia nzima. Katika muda wa miaka kumi na miwili hivi, zaidi ya miti milioni sita ilikufa katika jimbo la São Paulo peke yake. Fikirini familia iliyopanda, ikapalilia, ikangoja miaka minne, ikaanza kuuza, kisha ikashika shoka kukata kuni zake yenyewe.

Mwaka 1946 bwana Meneghini katika Brazil alithibitisha kwamba kidukari ndiye mchukuzi. Mwaka huo huo wataalamu wa California walionyesha kwamba maradhi ya kwao, yaliyokuwa yakiua michungwa upesi, nayo yaliambukizwa kwa virusi. Hapo ikafahamika siri yenyewe, nayo ni ya ajabu. Mchungwa ulio juu ya mizizi yake yenyewe ukipata virusi hivi, aghalabu hauuguzwi sana. Mdanzi ulio peke yake nao haufi. Lakini vikiunganishwa, chungwa juu na danzi chini, virusi vinateremka mpaka kwenye kovu, na chini yake tu mishipa ya mdanzi inayopitisha chakula inakufa. Majani hupika chakula, lakini hakishuki. Mizizi hula akiba yake, ikiisha inaoza, nao mti wote unaanguka kwa njaa, jikoni mmejaa.

Brazil haikukata tamaa. Walipanda upya juu ya mizizi mingine, hasa ndimu moja nyekundu ya asili ya India iitwayo Rangpur. Tena wakavumbua jambo la busara: katika kituo cha uchunguzi cha Campinas walitafuta virusi dhaifu vya aina ile ile, wakaviingiza katika miche kwa makusudi, ili vikali vikija vikute nyumba ina mtu, kama mtoto achanjwavyo. Nchi hiyo leo ndiyo ya kwanza duniani kwa maji ya machungwa.

Na mti wa Bibi Tibbets? Mmoja bado uko hai Riverside, ndani ya uzio. Mizizi yake ya kwanza ilipoanza kuoza, mwaka 1918, wataalamu walipanda miche michanga kulizunguka shina, wakaiunganisha nalo ili impe bibi kizee miguu mipya. Mwaka 1951 wakafanya tena.

Kwetu Afrika Mashariki kidukari yule na virusi vile vipo. Ndiyo sababu bwana shamba na wenye vitalu, Muheza na kwingineko, hubebesha michungwa juu ya mlimau. Wala mlimau hauna ukamilifu. Chungwa lake huwa na utamu pungufu kidogo kuliko la mdanzi, na lile gonjwa la kuoza gome, la Azores, laweza kuupata. Kwa hiyo kovu lisifukiwe udongo, na maji yasituame shinani. Tena yako malalamiko tunayoyasikia kila mara: mtu amenunua mchungwa, baada ya miaka anavuna malimau makali yenye miiba, anasema ametapeliwa. Huenda ametapeliwa. Lakini mara nyingi ni yeye aliyeacha machipukizi ya chini ya kovu yakue. Mbebaji aliposahauliwa alikua akamfunika mbebwa. Machipukizi hayo hung'olewa yangali mororo.

Liko jambo moja ambalo mizizi haijaweza kulitibu. Ni maradhi ya majani kugeuka manjano mabaka-mabaka na matunda kubaki madogo, yamepinda, machungu. Yanaletwa na bakteria, nazo huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye. Aina ya Afrika twaijua tangu zamani katika nyanda za juu zenye baridi. Joto la mabondeni na la pwani huizuia. Aina ya Asia haiogopi joto. Iligunduliwa Florida mwaka 2005. Katika msimu wa 2003-04 Florida ilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Katika msimu wa 2022-23 hayakufika milioni 16. Tangu mwaka 2016 taarifa za wataalamu zimemtaja mdudu wa aina hiyo ya Asia katika Tanzania, na katika Kenya pia. Katika nchi zilizokwisha kuumia, miche siku hizi hukuzwa ndani ya vibanda vya wavu mwembamba asipite mdudu, na macho huchukuliwa katika miti iliyopimwa tu. Anayenunua mche kando ya barabara, usio na mwenyewe wala habari ya ulikotoka, hajui amenunua nini juu ya kovu, wala chini yake.